Mlima wa Mbolea

3 Agosti

Kwako mpwa wangu, Mkuu wa Mbolea Yote Iingiayo Nchini,

Salamu zangu ni nyingi kuliko karatasi hii, kwa hiyo chukua hizi chache, nyingine nakuwekea. Mimi mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli. Mwezi uliopita mgongo ulinisumbua kidogo, nikaukaripia, ukanyamaza. Maksai wote wawili wazima. Yule mwenye pembe moja amezidi kiburi, majirani wanasema kajifunza kwangu. Kaburi la mama yako nimelipalilia, na la mkaza mjomba wako pia. Ukipita pale huwezi kuona aibu.

Utajiuliza mjomba amerudi vipi kwenye barua wakati simu zipo. Mnara wa kule kilimani umekufa. Walikuja mafundi wakaupasua tumbo, wakasema kimeungua kidude fulani, ukubwa wake kama kipande cha sabuni, na kidude hicho huku hakitengenezwi, mpaka kiagizwe ng'ambo. Nikawaambia, "Nipeni waya na koleo." Nilipanda, mpwa wangu, nikapanda mpaka nikaiona ndege ya abiria ubavuni kwangu na rubani akanipungia mkono. Ningeutengeneza mnara ule, ila wale vijana waliogopa kupoteza kazi, wakaniomba nishuke. Usicheke. Uliza watu.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kikundi chetu cha wakulima kimenichagua mwenyekiti. Hawakuwa na namna, mimi ndiye mwenye sauti. Wiki iliyopita amekuja wakala wa pembejeo, uso umemsinyaa, anasema mwaka huu mbolea ni haba, meli hazifiki, kila kikundi kitapata mgao mdogo, mfuko mmoja kwa nyumba mbili. Mfuko mmoja kwa nyumba mbili! Tugawane kwa kijiko kama dawa ya kikohozi? Nikasimama. Nikamwambia, "Bwana wakala, huo mgao wapelekee wa ng'ambo ya mto, wao wamezoea kupewa. Sisi tuna mtu wetu. Mpwa wangu yuko bandarini, anakaa juu ya mlima wa mbolea. Akitikisa kidole tu, lori linaondoka."

Mama Mapacha, unamjua kwa woga, akasema, "Mwenyekiti, si tuchukue hata hiyo kidogo kwanza?"

Nikamwambia, "Mama, umealikwa karamu, kiporo unabeba cha nini?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Wakala akafunga begi lake akaenda zake.

Basi tikisa kidole, mpwa wangu. Ya kupandia kwanza, ya kukuzia inaweza kufuata. Nimewaambia kabla ya mvua watakuwa nayo.

Mimi mjomba wako,
Mwenyekiti


30 Agosti

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu, nadhani dereva wa basi aliiweka chini ya kiti. Nimefurahi kwamba mgongo umetii. Ahsante sana kwa makaburi. Mimi ni mzima. Bado nakaa kwenye chumba kile kile nyuma ya karakana ya kuchomea vyuma. Mchana sisikii hata ninachowaza, jioni wakizima mashine nasikia kila kitu, mpaka jirani anavyokoroga chai yake. Simjui kwa sura, ila najua kwamba anapenda sukari.

Mjomba, hapa ulipofika simama kwanza. Kaa mahali peke yako. Hii usiwasomee watu.

Mimi sikai juu ya mlima wowote. Nilikueleza nilipoanza kazi, ukaniambia naona haya tu. Mbolea inakuja tumboni mwa meli ikiwa imemwagwa ovyo kama mchanga. Inashushwa kwenye bohari letu, mashine inaijaza mifukoni, na mimi nashona midomo ya mifuko. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Nasimama kwenye mkanda, mfuko unakuja, naushika masikio, naupitisha kwenye cherehani, unakwenda. Funguo za bohari sina. Msimamizi hata jina langu halijui, ananiita "wewe wa uzi".

Na huo mlima wenyewe haupo. Sakafu inaonekana. Meli tuliyoingojea tangu mwezi wa sita iliuzwa ikiwa njiani. Mwenye mali alipata mnunuzi mwingine, ikageuza pua katikati ya bahari. Wanasema huko inakotoka mbolea kuna vita jirani, gesi imepanda bei, na viwanda vingine vimezima moto. Sikujua kwamba mbolea hupikwa kwa gesi, Mjomba. Miaka yote hii naishona sikujua.

Nenda kwa wakala. Ukimaliza tu kusoma, vaa viatu uende. Mwambie ulitania, unajua kutania, atakuelewa. Chukueni huo mgao hata kwa kijiko.

Mpwa wako


19 Septemba

Kwako mpwa wangu mwenye unyenyekevu uliopita kiasi,

Salamu kutoka kwangu na kwa maksai. Yule wa pembe moja amemfukuza karani wa kodi mpaka akapanda juu ya paa la choo. Sikumtuma.

Barua yako nimeisoma peke yangu kama ulivyotaka. Nilikaa, kisha nikasimama, kisha nikaisoma tena nimesimama. Umenichekesha. "Wewe wa uzi"! Wakubwa wa kweli ndivyo mnavyojificha. Nami nilipokuwa shuleni nilijifanya sijui hesabu ili wenzangu wasijisikie vibaya, na ndiyo sababu niliacha mapema, walimu walikuwa hawana la kunifundisha.

Kwa wakala nilipita. Si kuomba, nilikuwa na safari zangu upande ule. Nilikuta milango ya stoo iko wazi na mlinzi anafagia. Punje chache zilibaki kwenye nyufa za saruji, anawafukuza kuku wasizidonoe. Wa ng'ambo ya mto wamebeba wao na wetu. Nilimsalimia mlinzi, tukazungumza habari za joto, nikarudi.

Nikafika hapa nikakuta watu wamejaa uani. Wamekalia kinu, wamekalia ndoo zilizogeuzwa, wengine wameegemea ukuta. Fundi baiskeli alikuja na kiti chake mwenyewe kutoka kwake. Mama Mapacha alileta maziwa. Tangu mkaza mjomba wako alipotutoka, ua huu haukuwahi kuona miguu mingi kiasi hicho. "Mwenyekiti, mpwa anasemaje?" Wananitazama wote. Sasa wewe ungesemaje? Nikawaambia, "Mpwa anawasalimu wote kwa majina. Lori liko mbioni."

Ungeziona nyuso zao. Walikaa mpaka jua likazama. Nikawapigia ile hadithi ya mwaka niliolima boga, mbuzi akaingia ndani yake akazalia humo humo, na watoto wa mbuzi wakatoka rangi ya boga. Fundi alicheka mpaka akaanguka na kiti chake.

Sasa fanya utakavyofanya. Hata lori dogo. Hata nusu lori.

Mjomba wako


6 Oktoba

Mpwa wangu,

Sijapata jibu. Hujambo? Mawingu yameanza kujikusanya upande wa machweo, ingawa mimi nimeyaambia yangoje kidogo. Watu wanauliza kila siku. Nimewaambia tairi limepasuka.

Mjomba


12 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya tairi juu ya ya boga. Samahani kwa karatasi hii, nyuma yake ina maandishi ya kigeni kwa sababu ni lebo ya mfuko. Nimebaki nazo nyingi.

Meli ilikuja, Mjomba. Nisikufiche. Tulipoiona ikiingia, sisi wa mkanda tulipiga vigelegele, hata msimamizi alitabasamu. Halafu tukaambiwa hakuna mifuko. Mifuko mitupu hutoka nchi nyingine, na uzi wa kushonea hutoka nchi nyingine tena, na vyote vimo kwenye meli nyingine iliyokwama kwenye foleni ya bandari ya watu. Bila mifuko, mbolea haishuki. Wakaikalisha pale, wakapigiana simu, wakagombana, mwisho wakaiacha iende kwa jirani mwenye mifuko. Niliiangalia ikiondoka. Nilikuwa nimesimama ukingoni na bobini mkononi haina hata uzi mmoja.

Basi sisi wa mkanda tumeambiwa tukae nyumbani kwanza. Hawakusema mpaka lini.

Nataka kuja huko. Si kwa muda mrefu kama hutaki, mpaka palizi iishe tu, nitakusaidia. Hapa hakuna anayenijua isipokuwa mwenye nyumba, naye ananijua mwisho wa mwezi. Juzi nilikwenda dukani kununua chumvi, nikafungua mdomo sauti ikatoka imekwaruza, ndipo nikagundua kwamba sijazungumza na mtu tangu siku ile ya kuagana kazini. Muuza duka akanipa pole akidhani nina mafua.

Mama alizoea kusema kwako ndiko kwetu. Niandikie neno moja tu, "njoo", nitapanda basi.

Mpwa wako


2 Novemba

Kwako mpwa wangu,

Mimi ni mzima, maksai wazima, mvua zimefika.

Kuja? Nani asiyependa? Ila sikiliza hali ilivyo. Daraja limebebwa na maji. Liliondoka zima zima, na juu yake palikuwa na mbuzi na mzee mmoja anavuta kiko, na waliomwona huko chini wanasema kiko bado kilikuwa kinawaka. Mabasi hayapiti kabisa. Halafu chumba chako kimehamiwa na nyuki, wakali, hawaelewi ujamaa. Halafu barabara ni utelezi, jana nilimwona bata ameanguka. Kwa hiyo ngoja kwanza. Ngoja mpaka mavuno, tutaona.

Usinifikirie vibaya.

Shamba tumepanda. Watu walingoja, mvua ikapiga mara ya kwanza, ikapiga tena, wakachoka kungoja, wakafukia mbegu bila kitu. Mimi nilipanda wa mwisho. Samadi ya maksai wawili ilitosha bustani ya mboga tu. Na hizi mbegu za pakiti tunazoletewa zimezoea kulishwa, usipozilisha zinasusa kama mtoto wa tajiri. Zimechomoza, siwezi kusema hazikuchomoza. Ni nyembamba. Rangi yake si ya kijani hasa. Mahindi ya ng'ambo ya mto unayaona ukisimama mlangoni kwangu, kijani mpaka yanaelekea weusi, yanapepea kama yanamwita mtu. Nimehamishia kiti changu upande wa pili wa nyumba. Kwa sababu ya upepo.

Watu siku hizi hawapiti sana, wana palizi zao. Fundi alikuja kuchukua kiti chake. Maziwa nanunua. Kimya nacho ni kizuri kwa mtu mwenye mambo ya kufikiri. Nilimpigia maksai wa pembe moja ile hadithi ya boga, akanigeuzia mgongo katikati.

Watu wana midomo, mpwa wangu, lakini hayo usiyatie maanani.

Mjomba wako


28 Novemba

Mjomba, shikamoo.

Dereva aliyeniletea barua yako anakuja huku kila wiki. Nilimuuliza amevuka mto vipi. Akasema, "Darajani, dada. Kwani mnalo jingine?" Nikacheka mbele yake ili asione nimekuwaje.

Habari za nyuki sikumuuliza.

Hadithi zako nazijua tangu nikinyonya. Nilizipenda, Mjomba. Mama alipofariki ulikaa kitandani kwangu ukanisimulia ya kuku aliyejifunza kupiga mluzi, mpaka nikalala nikicheka na machozi hayajakauka. Hadithi zile zilikuwa za kuniweka ndani. Hii ya daraja ni ya kuniweka nje. Kama hutaki nije, neno "usije" ni fupi, lingetosha.

Yule shoga yangu aliyekuwa kwenye mizani amepata kazi kwenye mabanda ya maua, mbali, kuvuka mpaka. Maua yanayokatwa huko yanapandishwa ndege kwenda kwa watu wengine. Mkataba ni wa miaka miwili na huruhusiwi kutoka mpaka uishe. Imebaki nafasi moja. Lori la kuwachukua linakuja mwisho wa Desemba, na chumba hiki ninacho mpaka hapo hapo. Amenishikia nafasi. Nisiposikia kitu kutoka kwako nitakwenda naye.

Sikutishi. Nakuarifu tu ili usije ukaandika barua ikamkuta mtu mwingine chumbani.

Nisalimie makaburi.

Mpwa wako


16 Desemba

Mpwa wangu,

Mimi ni mzima. Maksai ni wazima. Nyuki hakuna. Daraja lipo, nimelivuka jana kwa miguu yangu na limekaa palepale.

Nataka kukueleza kitu na sijui kukieleza bila kukirefusha, kwa hiyo nivumilie nikikifupisha vibaya.

Lori lilipokuwa haliji, nilijua kwamba watu watasema. Nilijiandaa. Nilijua watanisema mimi, na maneno ya kujibu nilikuwa nayo tele. Lakini hawakunisema mimi. Walikusema wewe. Eti umepata kazi kubwa ukasahau mikono iliyokuosha. Eti mbolea yetu umewauzia matajiri wa mjini. Eti umejenga. Siku moja, mahindi yalipoanza kugeuka njano, walikuwa hapa uani, ndiyo mara yao ya mwisho kuja. Mama Mapacha, aliyekubeba mgongoni pamoja na mapacha wake kwa zamu, akasema, "Akitia mguu hapa yule mtoto, nitamshika mkono nimpeleke akayaone majani ya mahindi yangu." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu. Nilikuwa namsikia vizuri. Nikatikisa kichwa nikasema, "Watoto wa siku hizi."

Nilisema hivyo, mpwa wangu. Mdomo huu.

Ulipoandika unataka kuja, nilikaa na ile barua mpaka ikalegea mikononi. Nilikuona unashuka kwenye basi na begi lako, na wao wamesimama. Ndipo nikalibeba daraja.

Barua yako ya mwisho ilifika wiki iliyopita. Asubuhi yake nikaenda kwenye mashine ya kusaga, maana watu wako huko, kwangu hawaji. Foleni ilikuwa fupi, nafaka ya mwaka jana inaishia. Nikangoja mpaka injini izimwe. Nilitaka kuanza na ya mnara na rubani, nikaona watu wanaangalia vidole vya miguu yao. Nikaiacha.

Nikasema, "Mpwa wangu hana mlima wa mbolea. Hajawahi kuwa nao. Alikuwa anashona midomo ya mifuko, na sasa hata hiyo kazi hana. Aliniandikia mapema kwamba nichukue mgao, na mgao nilikuwa nimeshautupa. Lori halikuwapo. Hakula cha mtu."

Fundi baiskeli akasema, "Rudia hapo kwenye lori."

Nikarudia.

"Na tairi lililopasuka?"

"Hakuna tairi."

"Na ulipotuambia anatusalimu kwa majina?"

"Hakuwasalimu."

"Hata salamu, jamani," akasema. "Hata salamu ulitutengenezea?" Kuna mtu alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha boga.

Mama Mapacha alikuwa ameshajitwisha unga wake. Akautua tena chini, taratibu. Akaniambia, "Nimemlaani yule mtoto. Nimemlaani mbele ya wanangu, asubuhi na jioni, na wewe umekaa unanisikiliza."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Unanisikiliza!"

"Nilikuwa nakusikiliza."

Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Akasema, "Mwandikie aje. Na uenyekiti weka hapo chini, uende nyumbani kwako." Akaninyooshea kidole sakafuni, pale penye pumba, kana kwamba uenyekiti ni ndoo. Nikauacha pale. Nikaenda.

Usidhani wamenisamehe. Hakuna aliyekuja. Jana nilipeleka baiskeli ijazwe upepo, fundi akajaza, akanirudishia. Nilikaa pale kidogo, nikisubiri hata anitukane. Akaendelea kugonga spoki. Mahindi hayawezi kupona, yametoa mbelewele yakiwa na urefu wa mtoto anayeanza shule. Mwaka ujao wamesema watachukua mgao siku ile ile utakapotajwa, na atakayesimama kuzungumza si mimi. Ni sawa. Nina maneno mengi na hakuna wa kumpa. Naongea na sufuria. Nikiwa shambani nasikia jembe langu tu.

Chumba chako nilikuwa nimekitandika mbao sakafuni, za kupangia mifuko isivute unyevu. Wakati huo nilikuwa naamini, unajua? Nikishasema kitu naanza kukiamini, ndio ugonjwa wangu. Mbao nimezitoa. Kitanda nimekirudisha upande ule wa dirisha. Neti ina tundu, nimeishona mwenyewe, utacheka ukiiona, nimeitia kiraka cha shati langu.

Barua hii sikuichanganya na mizigo ya basi kama zile nyingine. Nimempa dereva mkononi, nikamchorea na karakana ingawa anasema anapajua. Nimemwambia akikuta umeshaondoka na lile lori la maua, asinirudishie. Aiache huko huko popote.

Lakini kama uko hapo, umekaa unasoma, njoo. Chakula kitakuwa kidogo, tutakula kidogo. Nitanyamaza ukitaka ninyamaze. Mimi sitakuja stendi kukupokea, si kwa ubaya, nataka watu wakuone wewe kwanza bila mimi pembeni nikikusemea. Wapo ambao hawakuwa mashineni siku ile, na watakuuliza mbolea yetu iko wapi. Usiinamishe kichwa, usijieleze, begi usilitue. Waambie swali hilo mjomba wako ameshalijibu.

Mjomba wako